Tovuti yangu ya Star Wars kwa Kiswahili: kwa nini watu wanasoma ukurasa mmoja tu halafu wanasepa?

#1 Msimulizi wa Sinza

Wakuu habari za muda huu.

Nina tovuti ya mashabiki wa Star Wars, zile muvi za Kimarekani za vita vya angani, Kiswahili mwanzo mwisho, naiendesha mwenyewe hapa Sinza. Humo nimeweka kila muvi na habari zake, kuanzia ile ya kwanza ya 1977 mpaka The Rise of Skywalker ya 2019, nani kaigiza nani, walipigia wapi picha, muziki wa John Williams, mpaka ukurasa wa maroboti peke yao. Sikopi na kupesti, naangalia muvi kwanza, narudia, ndio naandika.

Kinachonisumbua ni hiki. Nikifungua takwimu naona karibu watu wote wanaingia ukurasa mmoja, ule wa "nianze na ipi, niishie na ipi". Wanasoma hapo wanaondoka. Makala ya Darth Vader, yule adui mkuu mwenye gwanda jeusi, ambayo naamini ndio kazi yangu bora kuliko zote, hakuna anayeigusa. Ukurasa wa pili kwa kutembelewa ni wa Nien Nunb, yule rubani mwenye mashavu anayekaa pembeni ya rubani mwenzake Lando kwenye Return of the Jedi ya 1983, na huko nako watu hawaji kusoma, wanakuja kugombana kwenye komenti.

Naomba wenye uzoefu mniambie, tatizo ni Star Wars yenyewe haijawahi kukaa kwa watu wa Dar, au ni namna tovuti ilivyo, au zama za tovuti zimeshapita? Kuifunga sina mpango. Nataka tu nijue naandikia nani.

#2 Kibanda Namba Tatu

Mkuu jibu lako liko kwenye vibanda umiza. Mimi nimekulia Manzese, mjomba alikuwa na kibanda na mimi ndio nilikuwa nakaa mlangoni kukusanya hela. Muvi inayopendwa Dar ilipita kibandani kwanza. Commando, Terminator, Predator, Van Damme zote, hizo hata mtu asiyejua kusoma anakusimulia.

Star Wars mjomba aliiweka, naikumbuka vizuri. Inaanza, badala ya mtu kula ngumi yanatokea maandishi ya njano yanapanda juu yanaenda yanapotelea mbali. Kiingereza. Mtafsiri kashika maiki anakimbizana nayo, mstari wa kwanza hajaumaliza wa tatu umeshatokomea, akaamua kunyamaza, watu wote wanatazama herufi zinavyopaa na ngoma inapigwa. Zimeisha, meli kubwa inapita juu ya skrini haiishi, hapo walishangilia kweli. Halafu wanatokea roboti wawili wanabishana, mmoja anaongea mwingine anapiga miluzi. Sasa kibanda kizima kinauliza steringi yuko wapi, na Luke haonekani mpaka robo saa imeshapita. Kibandani robo saa bila steringi ni fujo, wengine walikuja mlangoni kwangu wanataka hela yao. Mjomba akatoa akaweka ya Kichina.

Kwa hiyo unawaandikia watu ambao hiyo muvi haikuwakamata utotoni, na ukubwani mtu hashikiki kirahisi.

#3 Dada wa Kigamboni

Kaka Kibanda nakupinga nusu. Mimi kibanda umiza sijawahi kuingia maishani, mama angenichinja, na Star Wars naipenda. Nilijaziwa kwenye flashi pale laibrari ya muvi ya mtaani, nikaanza na Rogue One ya 2016, ile wanaiba ramani za Death Star, silaha kubwa ya angani ya kulipulia sayari, halafu mwisho wanakufa wote. Nililia usiku ule. Ndio nikaingia Google kutafuta niendelee na ipi, nikaangukia kwa mwenye uzi.

Sasa kaka Msimulizi nikwambie kama mteja. Ule ukurasa wa mpangilio umeandika vizuri sana, umeeleza wanaofuata mwaka wa kutoka, wanaofuata namba za episodi, na wale wa mpangilio unaoitwa Machete wanaoenda 4, 5, 2, 3, 6 na ya 1 wanairuka kabisa. Halafu pwaa, imeishia hapo. Majina ya muvi ni maandishi tu hayabofyeki. Mtu kamaliza kusoma hana pa kwenda, afanyeje, si anasepa? Makala ya Tunisia mimi niliikuta kwa kuhangaika kwenye menyu, na hiyo ndio ilinifanya nirudi. Sikujua kama nyumba ya Luke ya kule jangwani ni hoteli ya kweli, iko Matmata, vyumba vimechimbwa chini ya ardhi, na jina la sayari Tatooine limetoka kwenye mji wao wa Tataouine. Afrika hiihii yetu. Nikamwonyesha mume wangu mpaka akachoka.

#4 Mtoto wa Mbagala

Dada #3 asante sana kwa kutuambia wanakufa wote, mimi nilikuwa naipangia Jumamosi hii.

Halafu zile fukwe za mwisho si Zanzibar zile? Kuna jamaa aliniapia kabisa walipiga Kendwa.

#5 Dada wa Kigamboni

Pole jamani, ila muvi ya 2016 hiyo. Hata ukijua mwisho utalia tu.

Zanzibar hapana, ni Maldives. Na ule mji mtakatifu wa jangwani uliolipuliwa na Death Star, kule majabali ya nje ya mji ni Wadi Rum, Yordani. Yote yako kwenye tovuti hiyohiyo tunayoijadili hapa, ingieni msome.

#6 Fundi Seva

Nimeingia. Mkuu Msimulizi, hadithi za kibanda ni nzuri ila ngoja nikuonyeshe kitu ambacho hakihitaji historia.

Nimefungua makala yako ya Vader kwa simu ya kawaida, sio hizi za mamilioni, laini ina bando la siku. Skrini nyeupe. Nikasubiri. Kichwa cha habari kikaja, chini yake pengo, nikaanza kusoma aya ya kwanza, picha ya juu ikashuka ikasukuma maandishi yote chini nikapoteza nilipokuwa. Nikatafuta tena, ikashuka ya pili. Hizo picha umezipakia zilivyo, kila moja ina MB kadhaa, na ukurasa una picha kibao. Sasa fungua ule wa mpangilio. Maandishi matupu, unafunguka kabla hujatoa kidole. Ukurasa wa Nien Nunb una picha moja ndogo, nao unafunguka fasta.

Unaona? Kurasa mbili zinazosomwa ndio mbili nyepesi kuliko zote. Wala sio Vader hapendwi. Punguza picha, zigeuze WebP, aina ya picha nyepesi, weka zile zinazolodi pale mtu anaposhuka, weka kache, uje utuambie.

Jingine, seva yako iko nje ya nchi. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tovuti za namna hiyo ndio zilikufa kabisa siku zile. Hosti ya hapahapa au CDN, yaani mtandao wa seva zinazotunza nakala za tovuti, yenye kituo karibu ingekusaidia.

#7 Msimulizi wa Sinza

Fundi Seva ubarikiwe, picha nazishughulikia usiku wa leo. Dada wa Kigamboni na wewe asante, linki naziweka, hilo naliona kabisa lina mashiko.

Ila Fundi nikubishie kidogo. Ukurasa wa maroboti hauna picha hata moja, ni mwepesi kuliko huo wa mpangilio, na hausomwi. Na makala ya Tunisia ina picha nyingi kama ya Vader na dada hapo juu kaisoma yote. Kwa hiyo uzito unahusika, lakini hauelezi kila kitu.

#8 Omuhaya wa Kanyigo

Mimi nimekuja kwa ajili ya Nien Nunb. Mkuu, ukurasa wako umeandika anaongea Kikuyu halafu ukaitaja Kihaya chini kabisa kama nyongeza. Rekebisha. Nenda popote panapoelezwa lugha za Star Wars utakuta wameandika Kihaya cha Tanzania. Kihaya! Katika lugha zote za dunia hii walitafuta lugha ya kuendeshea meli ya angani wakaona inayofaa ni yetu. Hili jambo kubwa kwa taifa halafu wewe unaliweka chini kama tangazo la kiwanja.

#9 Mtoto wa Mbagala

Nilijua tu. Uzi ukifika posti ya nane lazima nshomile atokee na ushahidi kwamba wao ndio walianza. Bado tu kutuambia Yoda, yule mzee mdogo wa kijani mwenye busara kwenye Star Wars, alisoma sekondari ya Ihungo.

#10 Omuhaya wa Kanyigo

Busara ile unadhani aliitoa wapi.

#11 Jirani wa Kijitonyama

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, nimekaa Dar miaka mingi mpaka Kiswahili changu kimenyooka, kwa hiyo mnivumilie.

Kikuyu ni lugha ya mama yangu. Pale Nien Nunb anapoongea na Lando ndani ya meli yao ya Falcon mimi nasikia maneno, sio kelele, nasikia kabisa anawaita watu waje. Tulikuwa tunarudisha mkanda nyuma tunacheka, maana Lando anajibu Kiingereza mambo ya vita na mwenzake anaongea habari nyingine kabisa. Na aliyetoa ile sauti anajulikana, ni Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi kule Marekani. Sasa ndugu yangu wa Kanyigo, Kihaya kimeingilia wapi hapo?

#12 Omuhaya wa Kanyigo

Kipsang sio jina la Kikuyu vilevile. Hilo ni la Kikalenjin. Kama Mkalenjin anaweza kuongea Kikuyu kwenye muvi, anashindwaje Kihaya?

#13 Jirani wa Kijitonyama

Hapo umenibana kidogo. Kwetu wapo wanaosema kachanganya Kikuyu na Kikalenjin. Ila nilichokisikia nimekisikia.

#14 Mwanafunzi wa Mlimani

Nasoma isimu, niingie kidogo. Kikuyu na Kihaya zote ni za Kibantu, Kikalenjin ni ya Kiniloti, kwa hiyo mtu mwenye sikio anaweza kutenganisha kipande cha Kikalenjin na vingine. Kutenganisha Kikuyu na Kihaya kwenye sentensi fupi zilizochezewa na mitambo ndio kazi. Na lazima mkumbuke aliyekuwa anatengeneza sauti ni Ben Burtt, na staili yake ilikuwa kuchukua lugha za kweli ambazo watazamaji wa Marekani hawazijui, kuzikatakata na kuzipanga upya kwa jinsi zinavyosikika. Lugha ya wale wahusika Greedo na Jabba ameitoa kwenye Kikechua cha Andes, Amerika Kusini. Wale Ewok, wadogo wenye manyoya, msingi wake ni Kikalmyk. Kwa mtu wa staili hiyo inawezekana vipande vitoke kwa msemaji mmoja anayejua lugha zaidi ya moja.

Kwa hiyo Msimulizi nakushauri ukurasa usitoe hukumu. Andika sauti ni ya nani, andika wasemaji wa Kikuyu wanasikia nini, andika Kihaya kinatajwa, halafu weka pale kipande ili msomaji asikie mwenyewe. Huo ndio ukurasa utakaotembelewa kuliko wa mpangilio.

#15 Mzee wa Upanga

Vijana hamjambo. Nimesoma yote, naona mnamsahau mtu mmoja, mtoto wa Dar wa mwaka 1977.

Mimi nilikuwa kijana mwaka huo, nikimsaidia mtu wa projekta kwenye sinema moja ya mjini. Muvi za nje wakati ule haziji kwa mtu kujichagulia, Tanzania Film Company ya serikali, iliyoundwa 1968, ndiyo ilikuwa imeshika usambazaji. Televisheni Bara hakuna, mpaka 1994. Foleni kubwa zilikuwa za Kihindi, za Bruce Lee na za makauboi. Mwenzetu wa Marekani wakati huohuo kaiona Star Wars sinema, katoka hapo kaikuta kwenye jarida, kwenye fulana, kwenye kikombe. Krismasi ya 1977 kampuni ya Kenner ilikuwa haijamaliza kutengeneza midoli, ikauza bahasha ya kadibodi yenye cheti cha kuahidi midoli itatumwa, na wazazi wakanunua! George Lucas, mwenye kuitunga Star Wars, alikuwa na akili, alijibakizia haki za hizo bidhaa, ndiko utajiri wake ulikotoka. Sasa ushabiki wa namna ile hulelewa na vitu ambavyo sisi havikutufika. Kibanda Namba Tatu anasema maandishi ya njano, mimi nasema hata bila maandishi ingekuwa vilevile.

Halafu niwape moja la furaha. Ule mngurumo wa upanga wa mwanga, vuuum, huyo Burtt aliyetajwa na mwanafunzi aliupata kwenye mota ya projekta ya sinema, akauchanganya na mlio wa televisheni uliodakwa na maiki. Kijana mmoja aliponiambia hilo nilikaa kimya. Mota ile naijua. Ukiwasha projekta kabla hujaweka filamu inaguna, inashuka, inapanda tena pale mkanda unapoanza kuvuta, na ukisimama karibu unausikia kifuani kabla ya masikioni. Nilikuwa nausikia kila jioni. Andika hilo kwenye tovuti yako, mwanangu.

#16 Dada wa Kigamboni

Shikamoo mzee. Hiyo ya projekta nimeirudia kusoma. Kaka Msimulizi hii ndio aina ya kitu nakwambia, ukiweka hii hata asiyeijua Star Wars atasoma.

#17 Kibanda Namba Tatu

Shikamoo mzee wangu. Ila nipinge kwa heshima. Terminator ni ya 1984 na Predator ya 1987, nazo midoli yake hatukuiona wala Bara hakukuwa na televisheni zilipotoka, mbona zilikaa? Zilikuja baadaye kwa mikanda ya VHS na watafsiri kina Lufufu, zikakuta watu wanazielewa. Adui mmoja, steringi mmoja, msitu, bunduki. Star Wars unatakiwa ujue nani ni Senati, nani ni Dola, nani mwasi. Halafu na yenyewe inaanzia namba 4! Mtu anakwenda laibrari anaomba ya kwanza anapewa The Phantom Menace ya 1999. Huyo Lucas aliianzisha na Episodi ya 4 makusudi, kachanganya watu.

#18 Mzee wa Upanga

Marahaba wote.

#19 Mwanafunzi wa Mlimani

Kaka Kibanda, 1977 ilipotoka haikuwa na namba. Iliitwa Star Wars basi. "Episodi ya 4" na jina A New Hope viliongezwa kwenye yale maandishi ya njano ilipotolewa tena 1981, baada ya The Empire Strikes Back ya 1980 kutoka ikiwa na namba 5. Kwa hiyo kama mjomba wako alikuwa na mkanda wa baadaye ndio ulikuta namba.

Na hilo la ugumu silikubali sana. Ukivua mameli na maroboti, kilichobaki ni mtoto asiyemjua baba yake, mzee mwenye siri anayemfundisha, na baba aliyeuza roho. Watu wa Dar wanakesha na tamthilia za Kituruki zenye ukoo wa watu thelathini na kila mmoja ana siri, itakuwa Star Wars? Kinachokosekana ni mtu wa kuwasimulia, na ndio kazi anayofanya mwenye uzi.

#20 Bloga Mstaafu

Nawasoma toka jana. Mnazungumzia muvi, mimi nizungumzie tovuti.

Kulikuwa na kizazi kizima cha bloga hapa mjini, za muvi, za muziki, za vitabu, za mapishi, na tulikuwa tunatembeleana. Ukiandika leo, kesho watatu wamekuwekea linki kwao. Zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, bloga akatakiwa awe na leseni na ada zake, wengi waliokuwa wanaandika kwa mapenzi tu wakaacha. Kanuni zilirekebishwa 2020 na tena 2022, mkuu zisome mwenyewe ujue umesimama wapi. Ila watu walishahama. Waliobaki wako Instagram, TikTok na magrupu ya WhatsApp. Kwa hiyo hata ukipunguza picha zote, ile barabara ya kumleta mtu kwako haipo, imebaki Google peke yake. Na mtu wa Google anakuja na swali moja, "nianze na ipi". Akijibiwa kamaliza shida yake. Ndio unachokiona kwenye takwimu zako.

Hata huko nje sio rahisi. GeoCities, iliyokuwa inawapa watu nafasi ya bure ya tovuti, ilipofungwa 2009 tovuti nyingi sana za mashabiki zilikwenda nayo. Zilizosimama ni zile zenye watu wengi nyuma yake, TheForce.net ipo tangu 1996, Wookieepedia, ensaiklopidia ya Star Wars, tangu 2005, na hiyo inahaririwa na umma wa watu. Wewe uko peke yako. Tafuta wenzako wawili watatu, wape nywila, waandike.

#21 Msimulizi wa Sinza

Bloga Mstaafu umenigusa. Kweli kabisa niko peke yangu, kulipia domeni mimi, kulipia seva kwa dola mimi, kufuta komenti za matangazo ya waganga mimi.

Lakini WhatsApp siendi. Nitawaambia kwa nini. Kitu nilichokiandika kwenye grupu asubuhi, jioni kimefunikwa na salamu na mialiko ya harusi, na mtu wa mwaka kesho hatakipata. Tovuti ina anwani. Mwanafunzi wa darasa la saba wa huko Tandahimba akiuliza kwa Kiswahili Darth Vader ni nani, nataka akute jibu la Kiswahili lililoandikwa na mtu aliyeiangalia ile muvi mpaka mwisho, sio tafsiri ya mashine. Akitokea mmoja kwa mwezi, huyo mmoja namwandikia kwa moyo wote.

Mzee wa Upanga, habari ya projekta naomba ruhusa niichukue kwa maneno yako.

#22 Mzee wa Upanga

Ichukue.

#23 Mtoto wa Mbagala

Hivi Vader si ndio yule yule aliyefanya sauti ya Mufasa, yule simba wa The Lion King? Yule James Earl Jones ndio alivaa lile gwanda?

#24 Mwanafunzi wa Mlimani

Sauti ndiyo, gwanda hapana. Ndani ya gwanda alikuwa David Prowse, Mwingereza mnyanyua vyuma, kafariki 2020. Jones alitia sauti tu, na kwenye ile ya kwanza hakutaka hata jina lake liandikwe mwishoni. Kafariki Septemba 2024. Na ndio, Mufasa wa 1994 ni yeye.

#25 Mtoto wa Mbagala

Basi Msimulizi tatizo lako limeisha. Makala ya Vader badilisha kichwa, andika "Sauti ya Mufasa ndiyo sauti ya Darth Vader". Dar nzima inamjua Mufasa, watoto wanalia mpaka leo akianguka pale kwenye nyumbu. Mimi hiyo nafungua hata kama ina MB mia.

#26 Fundi Seva

MB mia usifungue. Ila kichwa cha habari nakiunga mkono, hata Google itakipenda.

#27 Omuhaya wa Kanyigo

Tukiwa kwenye mapendekezo. Picha za muvi mkuu una haki nazo? Lucasfilm, kampuni ya Lucas, ni ya Disney tangu 2012, walinunua kwa dola bilioni 4 na ushee, hao sio watu wa kuchezea. Nenda pale Morogoro Stores kwa wachoraji wa Tingatinga, wakuchoree Falcon inapita juu ya Kilimanjaro, Chewbacca, yule mrefu mwenye manyoya, kasimama na twiga. Picha inakuwa ya kwako, na rangi za bapa zile hazina uzito kwenye simu.

#28 Dada wa Kigamboni

Hii naipenda mpaka basi. Ila kaka haki ya Chewbacca bado ni ya kwao hata akichorwa na nani, usimdanganye mwenzio. Chora jangwa, chora projekta ya mzee, chora hiyo hoteli ya Matmata.

#29 Jirani wa Kijitonyama

Na Maz Kanata msimsahau. Lupita Nyong'o huyo, The Force Awakens ya 2015, na ukurasa wake kwenye tovuti nimeutafuta sijauona. Mnatafuta Afrika kwenye Nien Nunb na huku Lupita amekaa pale kwenye baa yake na miwani mikubwa.

#30 Msimulizi wa Sinza

Upo mkuu, uko ndani ya ukurasa wa The Force Awakens, aya za mwisho. Nautoa peke yake wiki hii, na mwigizaji mwenzake John Boyega naye.

Ripoti fupi. Picha za Vader nimezipunguza, linki nimeweka kwenye mpangilio, kichwa bado nafikiria maana nataka Vader aingie kwa jina lake. Wasomaji wa Vader wameongezeka kidogo, ila sijui ni linki, ni picha, au ni nyinyi mnaotoka hapa kwenda kuangalia.

Kuhusu Nien Nunb nataka nifanye alivyoshauri mwanafunzi. Naomba Omuhaya apate mzee wa Kihaya safi, na Jirani apate wa Kikuyu, na kama yupo Mkalenjin humu ajitokeze. Kila mmoja asikilize kipande kilekile bila kuambiwa wenzake wamesema nini, aandike anachosikia, nitaviweka vyote pamoja.

#31 Omuhaya wa Kanyigo

Bibi yangu yuko hapa Tabata kwa shangazi, amekuja kwa matibabu ya macho, masikio yake ni mazima kuliko yetu wote. Jumapili baada ya misa nampelekea. Ila najua atauliza kwanza huyu mwenye mashavu ni mtoto wa nani.

#32 Jirani wa Kijitonyama

Na mimi nampigia mama Nyeri. Omuhaya usije ukamfundisha bibi cha kusema.

#33 Kibanda Namba Tatu

Mimi nipeni nafasi moja tu. Msimulizi chukua yale maandishi ya njano ya muvi ya kwanza, yaandike upya kwa Kiswahili cha kusimuliwa, mafupi, nitayasoma kwa sauti ya mtafsiri, muda uleule yanaopita kwenye skrini. Yule mtafsiri wa mjomba alishindwa, mimi nimeshayapigia hesabu, yanawahi. Uweke sauti hapo juu ya ukurasa.

#34 Msimulizi wa Sinza

Nakutumia maandishi kesho jioni. Rekodi sehemu isiyo na bodaboda.

#35 Fundi Seva

Hiyo sauti mniletee niibane kwanza kabla hamjaipakia. Na Msimulizi, nimepita tena kuangalia, Vader sasa anafunguka vizuri hata kwa simu ndogo, ila kwenye makala ya Tunisia picha ya pili imelala ubavu, iinue.